Siku Vibaoni Ilipokaa Matanga

Maji ya kuoga ndiyo yaliyomfichua mtoto. Hakulia, hakuonekana, hakutajwa na mtu. Lakini nyumbani kwa Bi Mwantumu, mjane aliyekuwa akikalia eda, hita ya bafuni ilikuwa imeacha kuchemsha maji ya mtu mzima na kuanza kupasha ya vuguvugu, kidogokidogo, asubuhi na jioni, maji ambayo mtu mzima mwenye akili zake angeyaoga akatoka analalamika.

Fundi Mishi Shembilu aliliona hilo Ijumaa asubuhi, kikombe mkononi, mbele ya kioo cha Ukungu wa mtaa. Kwanza alicheka. Kisha akasogea, akasoma sababu ambayo Ukungu wenyewe ulikuwa umeiweka chini ya badiliko hilo: *Humu ndani kuna kichanga. Nimepunguza moto wa maji asiungue.*

Chai ikampalia.

Hapa tuelewane kidogo, maana wako watu hata leo wanaosema "Wingu" wakimaanisha chochote chenye waya, na ukiwasahihisha wananuna. Wingu lilikuwa Dodoma, majumba kwa majumba ya kompyuta za Shirika la Anga. Nyumba sikivu zilipoanza, kila kifaa kiliongea na Wingu moja kwa moja. Bomba la Tanga liliuliza Dodoma kama lifunge. Mawasiliano yakikatika njiani, mtu anakwama chooni na mlango umegoma, anapiga kelele mpaka sauti inakauka. Jiko la gesi likivuja, linasubiri ruhusa kutoka mikoa mingine huku nyumba inajaa harufu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ndipo ikaletwa kompyuta ya mtaani, iliyokaa karibu na watu, ikaitwa Ukungu. Yale ya haraka, gesi, moto, maji, milango, iliyaamua yenyewe palepale. Wingu lilipelekewa muhtasari tu.

Ukungu wa mtaa wa Vibaoni ulikaa kwenye kibanda kilichokuwa zamani cha mashine ya kukoboa, na mlezi wake alikuwa Mishi. Alikuwa binti wa pale pale, mwembamba, hajaolewa, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika, na kazi yake aliijua. Utaratibu wa matanga aliubuni yeye. Wazee wa mtaa walikataa katakata kwamba nyumba yenye msiba iendelee kupeleka habari zake Dodoma watu wakilia, naye akawatengenezea njia: mfiwa anaiambia nyumba yake ikae matanga, nyumba inajifunga, Wingu haliambiwi tena hata kama taa imewashwa. Kanuni hiyo ilipendwa, ikasambaa nchi nzima. Mishi aliringa nayo, na alikuwa na haki ya kuringa.

Nyumba ya Bi Mwantumu ilikuwa imekaa matanga tangu mumewe, Mzee Mbaruku, azikwe. Kwa Wingu ilikuwa bubu. Kwa Ukungu haikuwa bubu, maana maji nani angempashia? Kwa hiyo siri ilikuwa pale kibandani, na aliyeijua alikuwa Mishi na mashine yake.

Hajameza hata funda la pili, simu ikaita. Alikuwa Tunu, mkuu wa Dawati la Waliopotea kule Dodoma, mwanamke aliyesoma naye, mtu mwema asiye na makuu.

"Shoga, za Tanga?"

"Njema. Sijui huko."

"Huku kuna mtu analia. Mkewe na mtoto wao wa miezi miwili wametoweka. Yuko mapokezi tangu jana, mpaka mlinzi kaona huruma kamletea maji. Dereva mmoja anasema aliwashusha Tanga. Nimeiuliza mitaa yote ya huko: nyumba gani imeongeza watu wiki hii? Yote imejibu. Wako umejibu pia, isipokuwa nyumba moja iliyofunga."

"Ile ina mfiwa," alisema Mishi.

"Najua, na nimeheshimu. Lakini kanuni unaijua, tuliiandika wote. Nyumba ikifunga, ama mlezi wa Ukungu aisemee, ama mkaguzi aende kubisha. Niambie kabla ya alasiri. Ukisema hakuna mtu, naifuta, yameisha. Neno lako kwangu linatosha, Mishi."

Angekuwa mtu mwingine, asingeumwa na maneno hayo. Swali la Tunu halikuwa swali baya. Mwaka uliopita ndilo lililosaidia kumpata Mzee Nkondo, aliyesahau njia ya kwake akaingia mashamba ya mkonge na kaptula na kandambili, akakutwa nyumba ya watu wa Pongwe anakunywa uji. Mishi mwenyewe ndiye aliyelibeba jibu lile, na mtaa ulimbeba Mishi mabegani. Alikata simu akaubana mlango wa kibanda.

* * *

"Hodi! Hodi humu ndani!"

"Nani?"

"Mishi wa Ukungu."

Kiti kikaburuzwa, mlango ukafungwa mahali, ndipo sauti ya Bi Mwantumu ikasema karibu. Alikuwa ameketi mkekani katika nguo zake nyeupe za eda, tasbihi mkononi, uso mkavu.

"Shikamoo, Bi Mwantumu."

"Marahaba, mwanangu. Bomba limeharibika?"

"Bomba zima. Nimekuja kwa ajili ya mtoto."

"Mtoto gani? Mie wa kuzaa leo, na umri huu? Utawachekesha hata waliozikwa."

"Bi Mwantumu, wanamtafuta."

Mlango wa chumbani ukafunguka. Akatoka msichana wa miaka ishirini na ushei, kichanga begani, kanga mbili mwilini. Upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa bado umevimba, na jicho la upande huo halikufunguka lote. "Basi, mama," alimwambia Bi Mwantumu. "Kama amejua, amejua."

Alikuwa Salha, mpwa wa marehemu Mbaruku. Aliyoyasema hayakuwa mengi. Mumewe alimpiga tangu mimba ikiwa changa, na mtoto alipozaliwa akaanza kumtishia na mtoto. Dawati la jinsia la polisi walimpokea vizuri. Hakimu angemsikiliza Jumatatu, na akishasikilizwa angepewa amri ya kumzuia yule bwana asimkaribie. Kati ya leo na Jumatatu hakuwa na kitu isipokuwa paa la mjomba wake.

"Ana marafiki kila ofisi, dada," alisema. "Nikitajwa tu nilipo, kabla ya magharibi yuko hapo mlangoni. Amesema atamchukua mtoto, na mie sitamwona tena. Namjua. Akisema hivyo hatanii."

Mishi alimkazia macho yule mtoto, aliyekuwa amelala zake hana habari, akajikuta anakunja ngumi.

"Sasa shida iko wapi?" Bi Mwantumu aliuliza. "Si useme hakuna mtu? Mashine haina dhambi."

"Mashine haina. Mie ninayo."

"Utamwokoa mtu kwa uongo mdogo, Mungu anakuona."

"Bi Mwantumu, nisikilize. Usiku ule jiko lako lilipovuja, nani alikuamsha?"

"Ukungu."

"Ukaamka, ukatoka, hukuuliza mara mbili. Kwa nini? Kwa sababu haujawahi kukudanganya. Nikiufundisha leo kusema hakuna mtu penye mtu, kesho ukisema hakuna moto utalala? Na Tunu akiniuliza tena juu ya mzee aliyepotea, neno langu litakuwa na thamani gani?"

"Kwa hiyo utasema kweli."

"Kweli pia sisemi."

"Ebo!" Bi Mwantumu aliangusha tasbihi. "Si uongo, si kweli. Kuna cha tatu?"

"Kuna kunyamaza." Mishi alisema hivyo, kisha akaanza kutembea chumbani, kama alivyozoea akiwa na tatizo la kazi. "Tabu ni kwamba ukinyamaza peke yako kati ya watu wanaosema, umeshasema. Nyumba moja imefunga, basi macho yote kwenye nyumba hiyo. Lakini zikifunga zote..."

Akasimama. Kanuni alikuwa nayo kichwani, neno kwa neno. Jirani yeyote ana ruhusa ya kukaa matanga pamoja na mfiwa, na anayeungana na mfiwa haulizwi sababu. Na mtaa mzima ukikaa matanga, mkaguzi habishi mlango wowote mpaka siku ya tatu baada ya kufunga, matanga yatakapoanuliwa. Waliiweka kwa ajili ya misiba mikubwa, ya mafuriko na ajali. Hakuna mtaa uliowahi kuitumia. Mfiwa alikuwepo, eda ilikuwepo, na uongo ndani yake haukuwepo hata punje.

"Jumatatu asubuhi," alisema kwa sauti, akacheka. "Mkaguzi atakuja Jumatatu, na wewe Salha utakuwa mbele ya hakimu."

"Utawaambia nini majirani?" Salha aliuliza.

"Siwaambii kitu. Nikiwaambia nimekutangaza. Nitawaomba tu. Penye wengi hapaharibiki neno."

Alitoka kwa mwendo wa mtu aliyeshashinda. Nyumba ya kwanza kuifunga ilikuwa yake mwenyewe.

* * *

Kukaa matanga si jambo la mchezo kwa nyumba iliyozoea Wingu. Tamthilia hakuna. Mpira hakuna, na siku ile timu ya nyumbani ilikuwa inacheza. Anayeuza kwa simu hauzi, na mwenye mtoto wake Maskati hamwoni usoni. Mishi alilijua hilo, ila aliamini kwamba watu wa Vibaoni wakiombwa na yeye watafanya. Alikuwa amewatolea watoto wao mikono kwenye milango iliyowabana, amewaamsha moto ulipoanza. Wangemkatalia vipi?

Walimkatalia vizuri sana.

Alianza kwa Mama Chausiku, muuza barafu za ukwaju. "Naomba ukae matanga na Bi Mwantumu, mpaka Jumatatu tu."

"Matanga? Marehemu si tumeshamzika zamani?"

"Eda bado."

"Eda ni yake, si ya friji langu. Kwa nini leo?"

"Siwezi kusema."

Mama Chausiku aliitazama beji ya Shirika la Anga iliyoning'inia shingoni mwa Mishi, akaitazama tena. "Nina chungu motoni," alisema, akafunga mlango.

Bwana Sekiete, fundi cherehani, alikuwa ameshavaa jezi. "Niikose mechi? Mimi? Marehemu Mbaruku mwenyewe angefufuka kunilaumu!" Alisema kwa utani, lakini macho yake hayakutania, na hakumkaribisha ndani. Nyumba ya tatu walisema baba hayupo, na Mishi anamsikia baba anakohoa. Ya nne na ya tano hawakuitika hodi. Alipiga mara tatu, kama ilivyo ada, akaondoka.

Swala ya Ijumaa ikaswaliwa, watu wakatoka msikitini, naye bado anazunguka na jua la utosini. Nyumba zilizokubali alizihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Alikaa kwenye ngazi za kibanda chake, akasikia uchungu wa kweli. Watu gani hawa? Kwa ajili ya mpira na barafu! Akajikuta anaijaribu ile sentensi mdomoni, kwa sauti ndogo, kuona kama ingetoka. *Hakuna mtu.* Ilitoka kirahisi mno, akaogopa.

Ilibaki nyumba moja aliyoiruka kwa makusudi, ya Bi Kibibi. Tuseme ukweli, Bi Kibibi alikuwa mdomo wa mtaa. Ukimnong'oneza asubuhi, mchana unaletewa habari yako na mtu wa Pangani, imeongezwa chumvi. Lakini bila yeye mtaa haukuwa mzima. Mishi alinyanyuka akajifuta jasho.

Bi Kibibi alikuwa uani juu ya mbuzi, anakuna nazi. Hakugeuka. "Umepita kwa watu wote, mie umeniruka. Nilikukosea lini?"

"Shikamoo, Bi Kibibi."

"Marahaba. Nani amekutuma?"

"Sikutumwa."

"Hiyo beji ya nani?"

"Ya Anga. Lakini hili si lao. Nikiufunga mtaa wataniuliza mimi, na sitawajibu. Beji wakiitaka watakuja kuichukua."

"Na unataka tufunge kwa nini?"

"Sikuambii."

"Hata mimi?"

"Weye ndiye hasa sikuambii! Nikikwambia weye, si bora nipande mnarani na kipaza sauti? Nipige na hicho kifuu, sisemi. Kuna mtu ataumia nikisema, na mie si wa kumuumiza. Ukifunga, funga kwa sababu nimekuomba. Usipofunga, basi, tutaonana kwa Mungu."

Alisema yote kwa pumzi moja, na alipomaliza machozi yalikuwa yanamlengalenga kwa hasira. Bi Kibibi aliuacha mkono juu ya nazi. Alimtazama Mishi kwa mara ya kwanza. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumbo, mpaka nazi ikadondoka mavumbini.

"Looo! Kumbe!" Akainuka, akashika kiuno, akaukaribia ukuta wa jirani. "Chausikuuu!"

"Abee!"

"Huyu ni wetu! Fungeni!"

Mishi hakuelewa. Alisikia tu neno hilo linarushwa ukuta hadi ukuta, uani hadi uani: *Ni wetu, ni wetu, fungeni.* Kioo kidogo cha Ukungu mkononi mwake kikaanza kubadilika. Kwa Mama Chausiku pakafunga. Kwa Sekiete, aliyekuwa ameapa, pakafunga, na sauti ya mtangazaji wa mpira ikakatika katikati ya neno. Wale wa baba-hayupo wakafunga. Zikaenda nyumba mbilimbili, tatutatu, mpaka kwenye ramani ya Vibaoni pasibaki dirisha moja linalosema na Dodoma.

"Bi Kibibi," Mishi alisema polepole, "mlikuwa mnajua?"

"Wewe umejua lini?"

"Leo. Ukungu umenionyesha."

"Sisi tangu usiku ule aliposhuka garini na kanga usoni. Ukuta wa Bi Mwantumu na wangu si ni mmoja? Mtoto mchanga utamfichaje mtu aliyezaa saba?" Bi Kibibi aliokota nazi yake, akaipuliza. "Tukaambizana, kila mtu ajue, asijue Mishi. Mishi ni mtu wa Wingu. Leo ulipoanza kugonga milango tukasema haya, ametumwa, anatutega tufunge apate kuona nani ana cha kuficha."

Neno hilo lilimwingia. Aliona aibu, na aliona uchungu, na hakujua kipi kilitangulia. Alikuwa amejiona mlinzi wa mtaa, kumbe mtaa ulikuwa ukijilinda wenyewe, na wa kujilinda dhidi yake alikuwa yeye.

"Mngeniuliza," alisema mwishowe.

"Tungekuulizaje bila kukwambia? Hukumbuki ulivyonijibu sasa hivi?"

Simu ikaita. Tunu.

"Mishi. Mtaa mzima?"

"Mtaa mzima."

"Kuna nini huko?"

"Kuna mfiwa, na majirani wake wamekaa naye. Kanuni iko wazi."

"Kanuni naijua. Unanificha kitu?"

"Ndiyo," alisema Mishi. "Sitakudanganya, kipo. Nina haki ya kukinyamazia mpaka Jumatatu, na ninakinyamazia."

Tunu akasema, kwa sauti ya chini, "Yule bwana nimemwambia sasa hivi kwamba itasubiri. Amerusha kiti. Kimempata yule mlinzi aliyemletea maji. Jumatatu, shoga. Kaa salama."

Mishi aliirudisha simu mfukoni. Alipogeuka, Bi Kibibi alikuwa ametoka ndani na beseni la plastiki, limejaa nepi mbichi, zimekamuliwa vizuri na kukunjwa. Akamsukumia kifuani.

"Haya. Kwa Bi Mwantumu haziwezi kuanikwa, mpita njia ataziona. Zinazunguka. Jana zilikuwa kwa Chausiku, juzi kwa mkewe Sekiete. Leo zamu yako."

"Zamu yangu?" Mishi alilitazama beseni. "Bi Kibibi, mie sina mtoto. Sina hata mume! Nepi kwenye kamba yangu, watu watasemaje?"

"Watu gani?" Bi Kibibi alirudi kwenye mbuzi wake, akakunja kanga, akakaa. "Watu si ndio sisi?"